Mkereketwa Jukwaani: Historia ya Mazungumzo ya Wapenzi wa Elimu, toka Mshumaa wa Faraday hadi Video za Intaneti

Katika Kiingereza cha leo yamo maneno mawili ambayo mfasiri wa Kiswahili akikutana nayo hushika kichwa. La kwanza ni "geek", na la pili ni "nerd". Akitafuta msaada atapewa majibu ya namna nyingi: mpumbavu, mshamba, mtu wa vitabu, bingwa wa kompyuta. Majibu hayo hayapatani, na sababu ya kutopatana kwake si uvivu wa watunga kamusi. Sababu ni kwamba maneno yenyewe yamegeuka maana mbele ya macho ya watu walio hai. Zamani si nyingi mtoto wa shule wa Marekani aliyeitwa hivyo alikwenda zake analia. Leo watu wazima hulipa fedha, hujaza kumbi, na hukesha mbele ya kioo cha kompyuta ili wahesabiwe miongoni mwa hao waitwao hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mageuzi hayo yalivyotukia, na hasa kazi iliyofanywa na mazungumzo ya kufurahisha yatolewayo jukwaani na kupelekwa ulimwenguni kwa video za intaneti. Huenda msomaji akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi tushughulikao na Kiswahili?" Namwomba anivumilie kidogo, njia yetu itapita Arusha.

Tuanze na maneno, kwani ndiyo kazi yangu. "Geek" ni jina kongwe. Asili yake ni "geck", neno la Kijerumani cha nchi tambarare za kaskazini na la Kiholanzi pia, lenye maana ya mpumbavu au mtu anayechekwa. Shakespeare alilitumia kwa sura hiyo ya zamani katika mchezo wake wa "Twelfth Night", uliotungwa yapata mwaka wa 1601, akalitia kinywani mwa Malvolio, yule msimamizi wa nyumba aliyedanganywa na wenzake hata akavaa soksi za manjano akidhani anapendwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini neno likaonekana Marekani, katika maonyesho ya kuzungukazunguka yaliyokwenda mji hadi mji na mahema yake. Huko "geek" alikuwa mtu wa mwisho kabisa katika daraja la wachezaji. Mwenye kutembea juu ya kamba alikuwa na ustadi. Mmeza upanga alikuwa na ustadi. Bali huyu hakuwa na ustadi wowote, na kazi yake ilikuwa kung'ata vichwa vya kuku hai au nyoka mbele ya watu waliolipa ili wachukizwe. William Lindsay Gresham alimweleza mtu wa namna hiyo katika riwaya yake ya "Nightmare Alley" ya mwaka 1946, na sinema iliyofuata mwaka 1947 ikalieneza neno hilo mbali zaidi. Namsihi msomaji amkumbuke yule mmeza upanga, kwa kuwa tutakutana naye tena mahali asipotazamiwa.

"Nerd" ni mtoto mdogo akilinganishwa na mwenzake. Lilionekana katika chapa mwaka 1950, katika kitabu cha watoto cha Dr. Seuss kiitwacho "If I Ran the Zoo", likiwa jina la mnyama wa kubuni tu. Mwaka uliofuata, 1951, gazeti la Newsweek liliandika kwamba vijana wa Detroit hulitumia kwa mtu aliyepooza, asiye na mambo. Je, vijana wa Detroit walilitoa katika kitabu cha watoto, au wote wawili walilichota katika kisima kimoja ambacho hatukioni? Wataalamu hawajakubaliana, na mimi sioni haja ya kuwaamua. Lililo wazi ni kwamba tangu miaka ya 1970 mchezo wa televisheni wa "Happy Days" ulilitia neno hilo katika kila sebule ya Marekani, na ya kwamba lilikuwa tusi.

Basi tuna matusi mawili, moja la mpumbavu na moja la mtu aliyepooza, na yote mawili yalifikia kubandikwa juu ya mtu wa aina moja: yule apendaye jambo la elimu au la ufundi kupita kiasi, akasahau kuchana nywele. Ajabu hii si ya Wamarekani peke yao. Jamii nyingi humwogopa kidogo mtu ashikaye jambo moja kwa mapenzi yasiyo na faida ya mara moja, na kicheko ni njia ya kujikinga naye.

Lakini kabla ya tusi hilo kuwako, jukwaa la watu hao lilikuwapo. Katika mtaa wa Albemarle, London, kuna Royal Institution, chuo kilichoanzishwa mwaka 1799. Husimuliwa kwamba Humphry Davy alipokuwa akihutubia hapo juu ya kemia, magari ya farasi yalisongamana hata mtaa ukafanywa wa kwenda upande mmoja tu. Mwaka 1812 kijana mmoja aliyekuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, mtoto wa mhunzi, alipewa tikiti za kusikiliza hotuba hizo na mteja wa duka. Jina lake Michael Faraday. Aliyaandika aliyoyasikia, akayachorea picha, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara. Twaona hapa kwamba mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne ya kumi na tisa aliingia katika elimu kwa mlango wa burudani. Alikuwa mtazamaji kwanza.

Naye hakulisahau jambo hilo. Tangu mwaka 1825 chuo kilianza kutoa hotuba za Krismasi kwa vijana, na Faraday mwenyewe alitoa mifululizo 19 ya hotuba hizo. Ule uliojulikana zaidi ni wa mshumaa, alioutoa mwaka 1848 na tena katika majira ya baridi ya 1860 na 1861. Tazama busara yake: hakuchukua kitu cha kigeni cha kuwashangaza watoto, alichukua kitu kilichokuwa katika kila nyumba, akakiuliza maswali. Moshi ni nini? Mwanga watoka wapi? Nta hupandaje katika utambi? Katika barua alizomwandikia rafiki yake Benjamin Abbott mwaka 1813 alikuwa amekwisha kupima hata muda wa hotuba, akaona kwamba saa moja yamtosha msikilizaji yeyote. Namwomba msomaji aishike saa hiyo moja, kwa sababu historia tunayoisimulia ni pia historia ya saa hiyo kupunguzwa na kupunguzwa.

Hotuba za Krismasi zingali zikitolewa. Zilisimama miaka ya 1939 hadi 1942 tu kwa sababu ya vita, na tangu 1966 zimekuwa zikionyeshwa katika televisheni. Televisheni ndiyo iliyompeleka mhutubu mbali na ukumbi wake. Mwaka 1964 Richard Feynman alitoa hotuba saba katika Chuo Kikuu cha Cornell juu ya tabia ya kanuni za maumbile, na BBC ikazipiga filamu. Alisema kama mtu wa New York aliyesimama kibarazani, kwa mikono na mabega, akicheka. Filamu hizo zilikaa miaka mingi zikionwa na wachache; mwaka 2009 Bill Gates, aliyekuwa amezipenda tangu zamani, alitoa fedha zikawekwa na Microsoft katika intaneti bila malipo. Mwaka 1980 Carl Sagan naye alitoa "Cosmos", mfululizo wa sehemu 13 juu ya nyota na ulimwengu.

Hao walikuwa maprofesa, na profesa hutukuzwa hata akichekwa. Mafundi wa kompyuta walikuwa na safari nyingine. Tarehe 9 Desemba, 1968, Douglas Engelbart alikaa mbele ya watu wapatao 1,000 katika mkutano wa San Francisco, kompyuta yake ikiwa Menlo Park, mwendo wa kilometa karibu 48. Kwa muda wa dakika 90 aliwaonyesha kile kidude cha mkononi ambacho leo sote twakiita kipanya, maandishi yanayosahihishwa kiooni, viungo vya kurukia toka andiko hadi andiko, na sura ya mwenzake wa mbali akiongea naye. Alipomaliza watu walisimama wakashangilia. Baadaye onyesho hilo likaitwa mama wa maonyesho yote. Kisha, mwezi Machi 1975, watu kadhaa wapendao kompyuta walikutana katika gereji ya mwenzao huko Menlo Park, wakaunda chama chao cha watengenezaji wa nyumbani. Steve Wozniak aliionyesha humo mashine iliyokuja kuwa kompyuta ya kwanza ya Apple. Desturi ya chama hicho ilikuwa mtu kuleta alichokiunda, kukiweka mezani, na kusema. Hapakuwa na ada ya heshima wala joho. Kwa maoni yangu, desturi hii ya kuleta, kuweka na kusema ndiyo mzazi halisi wa video tunazozitazama leo, zaidi ya hotuba za vyuo vikuu.

Mwaka 1984, huko Monterey, California, Richard Saul Wurman na Harry Marks waliitisha mkutano wakauita TED, kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya ufundi, burudani na usanifu. Zingatia neno la katikati. Katika mkutano huo ilionyeshwa santuri mpya ya kusomwa kwa mwanga, na Benoit Mandelbrot alieleza hesabu za maumbo yake yanayojirudia ndani yake yenyewe. Mkutano ulitia hasara, ukakaa hadi 1990 ndipo ukaitishwa tena. Mwaka 2001 ukaangukia mikononi mwa wakfu wa Chris Anderson. Kwa miaka hiyo yote ulikuwa karamu ya wenye nafasi. Kiingilio chake kilikuwa maelfu ya dola. Kila msemaji alipewa dakika 18, si zaidi. Saa ya Faraday ilikuwa imekwisha kukatwa theluthi mbili na zaidi.

Tarehe 27 Juni, 2006, wenye TED waliweka mazungumzo sita katika intaneti, kila mtu ayaone bure. Walikuwapo waliodhani kwamba watu wataacha kulipa kiingilio. Mambo yalikuwa kinyume, na mwishoni mwa mwaka 2012 mazungumzo yao yalikuwa yametazamwa mara bilioni moja.

Miongoni mwa yale sita ya kwanza lilikuwamo la Dakta Hans Rosling wa Uswidi. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi ya utabibu Nacala, Msumbiji, toka 1979 hadi 1981, na huko akapambana na ugonjwa wa kupooza miguu uwapatao watu walao muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri wakati wa njaa. Takwimu za afya alizijua si kwa karatasi tu. Jukwaani alizifanya duara za rangi, kila duara nchi moja, zikitembea kiooni mwaka hata mwaka, naye akizikimbilia na fimbo yake ndefu akisimulia kama mtangazaji wa mpira: Uchina hii inapanda, Bangladesh ile inaifuata! Nani angalidhani kwamba hesabu za vifo vya watoto wachanga zaweza kuwafanya watu wasogee mbele ya viti vyao? Mwaka uliofuata, 2007, alirudi. Alipomaliza takwimu zake akavua shati, akabaki na fulana nyeusi yenye kumetameta, akachukua singe ya askari wa Uswidi wa zamani, akaimeza hata mpini. Alikusudia kuonyesha kwamba lionekanalo haliwezekani huwezekana.

Nadhani msomaji ameliona lililonishughulisha. Neno "geek" lilizaliwa mara ya pili katika hema la maonyesho, kando ya mmeza upanga. Miaka mia moja baadaye, katika mkutano wa watu hao hao waliorithi jina hilo, daktari anameza upanga, na wote wanasimama kumpigia makofi. Hema limerudi. Tofauti ni kwamba wa chini kabisa sasa ndiye mwenye hema.

Katika miaka hiyo hiyo maonyesho ya namna nyingine yalizaliwa bila fahari. Mwezi Februari 2003 wasanifu majengo wawili waishio Tokyo, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha usiku wa Pecha Kucha, jina litokanalo na sauti ya watu wanaopiga soga kwa Kijapani. Kila msemaji ana picha 20, na kila picha hukaa sekunde 20 kisha hujiondokea yenyewe, apende asipende: dakika 6 na sekunde 40. Mwaka huo huo huko Boston, Chris Balakrishnan, mwanafunzi wa shahada ya udaktari aliyekuwa akitafiti ndege wa Afrika watagao mayai katika viota vya ndege wengine, alianzisha katika baa usiku uitwao Nerd Nite, ambapo wasomi hueleza utafiti wao kwa walevi wenye kusikia. Desemba 2006 huko Seattle ukaja Ignite: picha 20 za sekunde 15, yaani dakika 5 tu. Mtu aliyezoea kongamano zetu, ambamo mwenyekiti hupeleka vikaratasi vitatu kwa msemaji asiyetaka kuketi, hawezi kuzitazama desturi hizi bila wivu.

Lakini jukwaa lililowashinda wote halikuwa na ukumbi. Tarehe 23 Aprili, 2005, Jawed Karim aliweka video ya kwanza katika YouTube. Ni ya sekunde 19, naye amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, akisema kwamba wana mikonga mirefu sana. Watu hulicheka andiko hilo la kwanza kwa umaskini wake. Mimi naliona limefaa: mtu wa kawaida anaelekeza kidole kwenye kitu halisi na kusema kwa nini kinampendeza. Faraday alifanya vivyo hivyo kwa mshumaa, ingawa, bila shaka, kwa maneno mengi zaidi.

Tarehe 1 Januari, 2007, ndugu wawili wa Marekani, John na Hank Green, walifanya agano kwamba kwa mwaka mzima hawataandikiana neno lolote; watasemezana kwa video, leo huyu, kesho yule. Kwa miezi kadhaa watazamaji walikuwa wachache. Mwezi Julai Hank aliimba wimbo wa kukingojea kitabu cha mwisho cha Harry Potter, wimbo ukatangazwa na wenye YouTube katika ukurasa wa kwanza, na umati ukaingia. Umati huo ulihitaji jina, na jina lilikuwa limekwisha kupatikana kwa kosa la macho. John alikuwa ameona katika uwanja wa ndege mashine ya mchezo iitwayo "Aero Fighters", akasoma "Nerd Fighters", na kosa likampendeza. Wafuasi wao hujiita hivyo mpaka leo. Mwanaisimu hawezi kulipita tukio hili upesi. Ni nadra kumkamata mtu anayeunda jina la jamii nzima, tena kwa kusoma vibaya. Na ni nadra zaidi kuona tusi likivaliwa kama kilemba. John Green aliieleza fikira hiyo mwenyewe: mtu wa aina hii ameruhusiwa kupenda jambo bila kujizuia na bila kujifanya kwamba anatania. Maana mpya ya neno imo humo. Upumbavu umeondoka, kupooza kumeondoka, limebaki pendo lisilo na haya. Mwaka 2010 ndugu hao waliitisha mkutano wa VidCon huko Los Angeles, na mwanzoni mwa 2012 wakaanza mafunzo ya Crash Course ya historia na elimu ya viumbe, ambayo hutumika katika shule nyingi.

Wengine walikuja kwa milango yao. Felicia Day, aliyesoma hesabu na fidla katika chuo kikuu, alianza mwaka 2007 mchezo wa "The Guild", juu ya watu wanaoshiriki mchezo mmoja wa kompyuta bila kuonana; ulidumu hadi 2013, na mwaka 2012 akafungua kituo chake cha Geek & Sundry. Mwaka 2009 Adam Savage wa kipindi cha "MythBusters", Wil Wheaton aliyekuwa mtoto mchezaji wa "Star Trek", na waimbaji Paul na Storm waliungana kufanya usiku wa w00tstock: nyimbo, visa, mashairi ya kuchekesha juu ya vitu ambavyo wao na watazamaji wao walivipenda utotoni wakichekwa. Jina lenyewe limeandikwa kwa tarakimu mbili za sifuri badala ya herufi, mtindo wa vijana wa kompyuta. Huko Uingereza Brady Haran wa Australia, aliyekuwa mwandishi wa habari wa BBC, alianza mwaka 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Nottingham kutengeneza video moja kwa kila elementi ya kemia, zote 118, msemaji wao mkuu akiwa Profesa Martyn Poliakoff ambaye nywele zake zimesimama kama miale ya jua. Tarehe 11 Novemba, 2011, yaani siku ya 11/11/11, Haran alifungua kituo cha hesabu cha Numberphile. Kalamu nene, karatasi ya kahawia ya kufungia mizigo, na mwanahesabu mmoja anayefurahi, hakuna zaidi.

Nimeyasema ya furaha. Yafaa kusema na ya uchungu. Waliokuwa wakichekwa walipopata jumba, baadhi yao walisimama mlangoni kuwauliza wageni vyeti, na walioulizwa zaidi walikuwa wanawake. Mwaka 2014 mzozo mkubwa ulizuka miongoni mwa wapenzi wa michezo ya kompyuta, na wanawake kadhaa wakatishwa hata wakahama nyumba zao. Mwezi Oktoba Felicia Day aliandika kwamba ameogopa kusema kwa sababu ya kuhofia anwani yake kutangazwa. Haikupita saa moja, anwani yake ikatangazwa. Mtu aliyewahi kuitwa kwa tusi si lazima awe mpole atakapolimiliki.

Sasa Arusha. Mwezi Juni 2007, tarehe 4 hadi 7, TED ilifanya mkutano wake wa kimataifa katika mji huo, chini ya mlima Meru. Emeka Okafor alikuwa mpangaji, na miongoni mwa wasemaji walikuwamo Ngozi Okonjo-Iweala, George Ayittey, Andrew Mwenda wa Uganda na Patrick Awuah wa Ghana. Mkutano ulirudi Arusha tena Agosti 2017. Lakini aliyebaki katika kumbukumbu ni kijana wa Malawi wa miaka 19, William Kamkwamba. Katika njaa ya 2001 na 2002 wazazi wake walishindwa kumlipia ada, akatoka shule. Akaenda katika maktaba ndogo ya Wimbe, akaona katika kitabu cha Kimarekani picha ya kinu cha upepo, na kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki akaunda cha kwake juu ya mnara wa miti. Watu wa kijijini walipomwona akizoa vyuma jalalani walimdhania mwenda wazimu. Nalitazama neno hilo, kisha nalitazama "geck" la Waholanzi, na sioni tofauti kubwa.

Kamkwamba alipopandishwa jukwaani Arusha alisema maneno machache mno. Chris Anderson alimwuliza, naye akajibu kwa vipande vya sentensi. Miaka miwili baadaye, Julai 2009, alisimama tena mbele ya TED huko Oxford, akaeleza mwenyewe kilichompata siku ile: alikuwa hajapata kutumia kompyuta wala kuona intaneti, hofu ilimshika, na Kiingereza kilimpotea. Jambo hilo wasimulizi hulipita kwa tabasamu. Mimi hunitia simanzi. Mkutano wa kusifu akili ya Afrika umefanywa katika mji wa Waswahili, na mtu mwenye akili hiyo amesimama hana ulimi, kwa kuwa Kichewa chake hakikuwa na nafasi hapo, na Kiswahili cha wenyeji hakikuwa na nafasi zaidi ya kile cha mgeni. Mwezi Mei 2009 TED ilianza mpango wa tafsiri za watu wa kujitolea, na Kiswahili nacho kimo katika orodha ya lugha zake. Lakini tafsiri ni maandishi yapitayo chini ya picha, na jukwaa ni kitu kingine.

Wala si kwamba lugha yetu haina jukwaa. Mtega kitendawili hungoja aambiwe "Tega!", na msimulizi akisema "Paukwa!" hunyamaza mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Wenye vituo vya video nao wana salamu zao zisizobadilika, nao hufanya vile vile, ingawa itikio huja kwa maandishi. Malumbano ya washairi ni elimu iliyofanywa mchezo, na mchezo uliofanywa elimu. Tulichopungukiwa ni jina. Tuna bingwa, mbuji, gwiji, malenga. Hayo yote ni majina ya waliokwisha kufika. Mtaalamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwenye kujifunza, lakini tumemvika joho hata amesahau asili yake. Wanafunzi wa Tanzania humwita mwenzao mwerevu kipanga, ndege mwenye macho makali, na kusoma kwa bidii wameita kubukua. Ni maneno mazuri, lakini yanahusu mtihani. Mshabiki amekwisha kuchukuliwa na mpira.

Pendekezo langu ni mkereketwa. Neno hili tumelizoea katika siasa, kwa mtu wa chama asiyelala. Lakini tazama umbo lake: koo hukereketa, jambo humkereketa mtu, naye hukereketwa. Kiambishi cha kutendwa kimo ndani yake, nacho chaonyesha kwamba si mtu aliyelishika jambo, ni jambo lililomshika mtu. Faraday alikereketwa na mshumaa, Karim na mkonga wa tembo, Kamkwamba na picha moja ya kitabu. Wapo watakaosema kwamba neno lina harufu ya mikutano ya hadhara. Ni kweli, na "geek" lilikuwa na harufu ya damu ya kuku.

Kisa cha Kamkwamba kimefanywa sinema mwaka 2019 na Chiwetel Ejiofor, aliyecheza mwenyewe mahali pa baba. Humo wahusika huongea Kichewa na Kiingereza, na maandishi ya tafsiri huwafuata wale wasiojua Kichewa.